Kipande Kidogo, Chuma Kikubwa: Kupima Madhara ya Mionzi katika Metali

Mabibi na mabwana, nyutroni, chembe ndogo isiyo na chaji, ikiingia katika chuma kwa kasi huing'oa atomi mahali pake, nayo atomi hiyo huzigonga jirani zake. Nyingi hurudi katika safu papo hapo. Zisizorudi huacha mapengo na vishada vinavyoizuia metali kunyumbuka, na ndiyo maana chuma kilichokaa katika kinu cha nyuklia huzidi kuwa kigumu huku kikizidi kuwa chepesi kuvunjika.

Ili kuyapima hayo tunahitaji vipande vilivyokaa ndani ya kinu, ambako nafasi ni finyu, na ambavyo vikitolewa vyenyewe hutoa mionzi, hasa ya kobalti-60, inayochukua zaidi ya miaka 5 kupungua kwa nusu. Kipande cha kawaida cha jaribio la Charpy, ambamo kipande chenye mkato huvunjwa kwa pigo moja la nyundo inayobembea, chenye milimita 10 kwa 10 kwa 55, kina uzito wa gramu 43 hivi. Kisahani chenye kipenyo cha milimita 3 na unene wa milimita 0.25 hakifikii hata gramu 0.02. Hubanwa ukingoni, kisha kigololi kigumu hukisukuma katikati hadi kipasuke, na nguvu iliyotumika hurekodiwa muda wote.

Lakini udogo una hila zake. Ikiwa punje za fuwele za metali hiyo zina upana wa milimita 0.05, basi unene wa kisahani una punje tano tu, na tabia ya punje moja huweza kujifanya tabia ya metali nzima. Tukipima jinsi metali inavyostahimili ufa, hali ni ngumu zaidi: katika bamba nene metali iliyo mbele ya ufa hubanwa na metali inayoizunguka, ilhali katika kipande chembamba hutanuka kwa uhuru, isitoshe, ufa unaokata bamba nene una nafasi kubwa zaidi ya kukutana na doa dhaifu ambalo mvunjiko huanzia. Kwa sababu hizo mbili kipande kidogo hukisifu chuma kupita kiasi. Mtafiti Kim Wallin wa Finland alitupatia njia ya kurekebisha athari ya unene, na leo nusu za vipande vya Charpy vilivyokwisha kuvunjwa huchongwa vipande vya unene wa milimita 4 na kupimwa upya.

Wengi hulinganisha vipande vikubwa na vidogo vya metali ambayo haijapigwa na mionzi, kisha hutumia uwiano huo huo baada ya mionzi. Mimi nina shaka na jambo hilo, kwa kuwa mionzi hubadilisha hata namna metali inavyonyumbuka: badala ya kuenea kipande kizima, mnyumbuko hujikusanya katika mikanda myembamba, na uwiano wa awali unaweza usishike tena.