Fundi saa wa Haarlem na kabati lake la mashuka

Mambo vipi ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mnaoniangalia kutoka Moshi, Dar na kwingineko. Mnisamehe kwa sauti, upepo wa leo hauna adabu. Niko Haarlem, Uholanzi, robo saa hivi kwa treni kutoka Amsterdam. Mtaa huu unaitwa Barteljorisstraat. Msinicheke, nimefanya mazoezi ya kulitamka wiki nzima.

Hebu tazameni hii nyumba ya kona. Chini duka la saa, juu vyumba vilivyobanana na ngazi nyembamba hadi unapanda kiubavu. Aliishi hapa mama mmoja, Corrie ten Boom. Hakuwa mwanasiasa, wala hakuwa tajiri. Alikuwa fundi saa, mwanamke wa kwanza Uholanzi kupata leseni ya kazi hiyo, mwaka 1922. Baba yake, mzee Casper, fundi saa. Babu yake ndiye aliyefungua duka, 1837. Mimi mjomba wangu naye alikuwa na kimeza chake pale sokoni Moshi, lenzi jichoni, saa za watu zimetapakaa mbele yake. Nilivyoingia hapa nikajiona nimefika nyumbani.

Sasa, Wajerumani waliivamia Uholanzi Mei 1940. Mwaka 1942 mwanamke Myahudi akabisha hodi mlangoni hapa, kashika sanduku lake, maana Wajerumani walikuwa wakiwasaka Wayahudi. Wenye nyumba walikuwa Wakristo wa kufungua Biblia kila siku. Mzee akamkaribisha ndani. Siku chache mbele wakaja wengine, na shughuli ya kuwaficha ikaanzia hapo.

Tatizo la kwanza lilikuwa chakula. Kila kitu kwa kadi ya mgao, na Wayahudi hawapewi kadi. Wazee wangu mliopanga foleni kwenye maduka ya kaya mnanielewa. Corrie alimjua mtumishi mmoja wa ofisi ya mgao, kwa sababu alikuwa akimfundisha mambo ya Mungu binti yake mwenye ulemavu wa akili. Akaenda kwake jioni. Alikusudia kuomba kadi tano. Alipofungua mdomo ikatoka mia moja! Na yule baba akatafuta njia, akazileta.

Halafu kabati. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Chumbani kwa Corrie, ghorofa ya juu kabisa, ukuta wa nyuma ni wa uongo. Matofali yaliingizwa kidogo kidogo kwa siri, ukuta ukapakwa rangi ya uchakavu kusudi ufanane na nyumba. Mbele yake kabati la mashuka. Unatoa mashuka ya rafu ya chini, unasukuma ubao, unatambaa kwa magoti. Nyuma pana nafasi ambayo upana wake haufiki mita moja. Leo ukuta umetobolewa ili wageni waone. Nikachungulia, na mwili huu mnaoujua, nikajiuliza watu sita walikaaje humo.

Wakawa wanafanya mazoezi. Kengele ya siri ikilia, kila mtu anajua kazi yake: sahani za wageni zinaondolewa mezani, godoro linageuzwa ili askari akiligusa asikute joto la mtu. Wakafikia kujificha kwa sekunde kama 70. Mimi hicho cha godoro ndicho kilichonikamata. Maana maombi tunayajua wote. Ila kuomba, kisha ukakaa ukifikiria joto la godoro, hiyo ni imani ya mtu anayetarajia askari kweli.

Walikuja Februari 28, 1944. Mholanzi mwenzao aliwachoma. Alimwendea Corrie, aliyekuwa kitandani na mafua, akaomba hela akidai mke wake kakamatwa. Corrie akakubali kumsaidia. Siku ileile askari wakajaa ndani, wakapiga watu, wakabomoa hapa na pale, wakawakamata wenye nyumba, ila wale sita waliojificha hawakuwapata. Walikaa nyuma ya kabati kama siku mbili hadi wakatolewa na wenzao.

Sasa kuna wale wanaopenda ushuhuda uishe kwa shangwe. Huu hauko hivyo. Mzee Casper, miaka 84, alifia kifungoni baada ya siku kumi. Inasimuliwa kwamba walitaka kumrudisha nyumbani kwa ajili ya uzee wake, akawaambia kesho yake atafungua mlango tena kwa yeyote atakayebisha. Dada yake Corrie, Betsie, alifia Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake huko Ujerumani, Desemba 1944. Corrie akaachiwa siku chache baadaye, na inaelezwa ilikuwa makosa ya karatasi tu. Watu waliopona kupitia mikono yao na wenzao wanakadiriwa kufika 800. Yeye aliishi hadi 1983, akazunguka dunia akihubiri msamaha, hata Afrika alifika.

Mnaotaka kuja, wekeni nafasi mapema mtandaoni.

Haya, kitu cha mwisho. Hii saa niliyovaa ni ya mjomba, Mungu amrehemu. Ilisimama tangu mwaka juzi na nimekuwa nikiivaa hivyohivyo, imekufa. Leo nikaishusha kwa fundi. Kaifungua, kaitazama muda mrefu na lenzi yake jichoni, akaniuliza nani aliyeitengeneza mara ya mwisho, maana kazi yake ni safi. Kasema nirudi Alhamisi.