Mchanga wa Pangani Unatoka Wapi?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Hapa mezani nina sahani tatu za mchanga. Huu mweusi nimeuchota mtoni, hapahapa Moshi. Huu wa kahawia ni wa ufukweni Pangani. Na huu mweupe kama sembe umetoka Zanzibar. Mama yangu uliyekaa mbele, naomba uzikamulie limao zote tatu.

Mmeona? Wa Zanzibar unatoa povu. Ni chokaa hiyo: makombe yaliyosagika, matumbawe, na kinyesi cha samaki aitwaye pono. Ndiyo, kinyesi! Pono ana meno kama mdomo wa kasuku. Huguguna matumbawe usiku haujaingia, akashiba, akayatoa yakiwa mchanga. Huo umezaliwa baharini.

Wa Pangani umetoa povu kidogo tu. Uguse: punje nyingi ni ngumu, zinang'aa kama kioo. Ni kwatzi. Sasa, Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na miamba yake karibu haina kwatzi kabisa. Basi punje hizi zimetoka kwa majirani zetu, kwenye miamba ya kale ya Upare na Usambara, zikabebwa na mito ya Mkomazi na Luengera hadi mto Pangani.

Na sisi je? Maji yetu yanashuka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu, yote miwili ikiingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na humo ndimo mto Pangani unamotokea. Tangu bwawa lile lijengwe miaka ya 1960, maji yakifika pale hutulia, na maji yakitulia mchanga huzama. Tope jepesi ndilo linaloponyoka, tena si lote.

Hili linaniuma, kwa sababu bahari haisubiri. Kusi inasukuma mchanga kaskazini, kaskazi inaurudisha kiasi. Mto usipoleta mwingine, mawimbi hula ufukwe wenyewe, mpaka mizizi ya minazi ikaning'inia. Kunduchi, Dar es Salaam, bahari ilikula ufukwe vibaya, na wataalamu walitaja uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoulisha kuwa mojawapo ya sababu.

Kwa hiyo kila mvua ya masika inapokwangua shamba lisilo na makinga maji huku juu, udongo ule hauufaidishi ufukwe wa Pangani. Unajaza bwawa linalotupa umeme na perege.

Sogeeni sasa, mwanzie sahani hii nyeusi. Ishikeni, isugueni vidoleni, kisha mniulize maswali.