Silikanti wa Tanga Nimemkuta Washington

Asalaam aleikum, hamjambo ndugu zangu. Tanga, Pemba, Lamu, Kilwa, na nyinyi wa Muscat mnaotuangalia usiku, karibuni. Leo niko Washington DC, ndani ya makumbusho ya historia ya asili ya Smithsonian, nimemfuata silikanti, samaki wa kilindini ambaye hata kwetu Tanga yupo. Najua swali la kwanza ni kiingilio. Hakuna kiingilio, ni bure kwa kila mtu. Mkoba wako unakaguliwa mlangoni, basi, unaingia. Mlioko Maryland na Virginia, leteni watoto.

Ukiingia kwa mlango wa upande wa Mall, ule uwanja mrefu wa katikati ya jiji, unapokelewa na tembo mkubwa wa kutoka Angola. Mpite, nyoosha moja kwa moja, pale mbele ndipo penye Ukumbi wa Bahari, uliofunguliwa mwaka 2008. Sasa tazama juu. Huyu nyangumi anayening'inia ni sanamu, urefu wake kama mita 14, lakini ametengenezwa kwa kufuata nyangumi wa kweli kabisa, jike aitwaye Phoenix, aliyezaliwa mwaka 1987 katika Atlantiki ya Kaskazini. Nyangumi wa aina yake wana sugu kichwani, na mpangilio wa sugu hizo haufanani kwa wawili, ndiyo maana wataalamu wanawajua mmoja mmoja. Phoenix aliwahi kunaswa na kamba za wavuvi akapona, akabaki na makovu mdomoni. Wa aina yake wamebaki chini ya 400 duniani. Wanagongwa na meli, wanasongwa na kamba. Angalia mdomo huo vizuri.

Hapa kuna ngisi mkubwa wa kilindini, jike, aliyeletwa kutoka Hispania. Nampita haraka, ingawa watoto wote wamejaa hapa, kwa sababu aliyenileta yuko kule.

Huyu hapa. Ngoja nisogeze kamera, kioo kinarudisha mwanga. Haya, mnamwona? Huyu ni silikanti, jike mzima, na pembeni yake mtoto.

Rangi isiwadanganye. Humu ndani amekaa muda mrefu kwenye dawa, amefifia, amekuwa wa kahawiakahawia. Akiwa hai ni buluu iliyoiva, ana madoa meupe mwili mzima. Lakini magamba ni haya haya, makubwa, magumu, yamelaliana. Shuka nami kwenye mapezi. Pezi la samaki tuliyemzoea, changu au kolekole, linaota moja kwa moja ubavuni. La silikanti linaanzia kwenye kikonyo cha nyama, na ndani ya kikonyo kuna mifupa. Anapoogelea, pezi la mbele kulia huenda pamoja na la nyuma kushoto, kisha hupishana, mpangilio uleule wa mnyama anayetembea kwa miguu minne. Na mkia, tazameni, una sehemu tatu, ile ndogo ya katikati imechomoza peke yake.

Wanasayansi walikuwa wakimjua kwa mawe tu, alama za mifupa kwenye miamba. Walikuwa na hakika kwamba ukoo wake wote ulikwisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mpaka Desemba 1938. Huko East London, Afrika Kusini, dada mmoja aliyekuwa akitunza makumbusho ya mji, Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa bandarini kuangalia samaki walioshushwa na meli ya uvuvi. Chini ya lundo akaona pezi la buluu. Samaki kilo 57. Hakupata mahali pa baridi pa kumweka, ikabidi akaushwe, na matumbo yakatupwa. Akachora picha yake akamtumia mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith, na huyo alipoiona alijua ni nini.

Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alichapisha vipeperushi vyenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Nahodha mmoja Mwingereza, Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro, akavichukua akavisambaza. Na kweli, Desemba 1952 silikanti akapatikana kisiwani Anjouan, kwenye mshipi wa mvuvi wa pale. Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote. Wanamwita gombessa, na hawamtamani, maana nyama yake ina mafuta mengi na inaharisha.

Sasa nisikilizeni. Vipeperushi vile viliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Samaki wa bahari yetu, anatafutwa kwenye bahari yetu, vipeperushi vinasafirishwa kutoka Zanzibar, na Kiswahili hakimo. Mvuvi aliyekuwa anamvua haambiwi kitu. Mimi linaniuma hilo, na ndilo lililonifanya nije na kamera leo. Habari za samaki huyu zimekuwa zikizungumzwa juu ya vichwa vya watu wanaoishi naye.

Maana kwetu yupo. Mwaka 2001 alipatikana Malindi. Mwaka 2003 akapatikana upande wa Kilwa, Songo Mnara, halafu Tanga ikafungua mlango: Kigombe na vijiji jirani, wakaanza kunaswa mmoja baada ya mwingine, makumi kwa makumi. Si kwamba walihamia. Pale Tanga kilindi kiko karibu na pwani, kuna miteremko mikali na mapango ambamo silikanti hujificha mchana, usiku ndipo hutoka kutafuta chakula. Wavuvi walipokosa samaki karibu, wakapeleka jarife, ule wavu wa matundu makubwa, mbali zaidi na chini zaidi, wakitafuta papa. Jarife halichagui. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kuna mtu amezaliwa Chumbageni, Tanga mjini, amesoma mpaka chuo, hajui kwamba mkoa wake una hifadhi yenye jina la samaki huyu.

Rudini kwa huyu mtoto hapa. Silikanti hatagi. Mayai yake, kila moja kama chungwa la Muheza, huanguliwa humo humo tumboni, na anazaa watoto wanaoogelea tayari. Mwaka 1991 alivuliwa jike Msumbiji akiwa na watoto 26. Na utafiti uliotoka mwaka 2021, wa kuhesabu alama kwenye magamba, ulionyesha kwamba anaweza kufika karibu miaka 100, jike hazai mpaka awe na miaka kama 55, na mimba inachukua kama miaka mitano. Mitano! Sasa piga hesabu wewe mwenyewe. Ukimtoa jike mmoja mwenye mimba, umemtoa samaki aliyekuwa akikua tangu kabla babu yako hajaoa.

Kuna watu huniambia, si wamrudishe tu majini? Ndugu zangu, damu yake imezoea maji ya baridi ya kilindini. Akivutwa juu kwenye joto anakosa hewa, tayari amechoka na wavu, na mara nyingi hata akiachiwa haponi. Kwa hiyo kumwokoa ni kabla hajanaswa. Ni pale mtu anapoamua jarife lisishushwe kwenye miteremko ile. Na siwezi kusimama Washington nikamwambia mvuvi wa Kigombe aache jarife bila kuzungumzia atakula nini. Hao papa anaowafuata kilindini, anawafuata kwa sababu huku juu matumbawe yalivunjwa na baruti miaka na miaka. Matumbawe yakitunzwa, changu na tasi wakirudi, hana haja ya kwenda kule chini kwa gharama ya mafuta na nyavu.

Kwa hiyo video hii ipelekeni kwa wazee wenu, kwa wajomba walioko baharini, wekeni kwenye makundi ya BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi ufukweni. Akinaswa silikanti, msimkate, msimtupe, mwiteni afisa uvuvi, andikeni ni wapi na kina gani.

Na nyinyi wa Kigombe, Tongoni na Pangani, nawauliza kwa heshima: jarife bado linashushwa kilindini msimu huu? Mara ya mwisho silikanti amepatikana lini kijijini kwenu? Niandikieni hapo chini, majibu nitayasoma yote.