Neno lilikuwa "kuandaa"

SALMA: Taa nyekundu imewaka? Haya. Karibuni tena. Leo tunazungumzia kinasa vipindi vya televisheni, yaani king'amuzi kinachorekodi, kwa mtu ambaye mfuko wake haujanona. Nina mambo saba hapa nimeyaandika kwa mkono. Ila kwanza Tito aseme alichofanya Jumanne.

TITO: Dada Salma, tulikubaliana tunaanza na jambo la kwanza.

SALMA: Jambo la kwanza ni wewe.

TITO: (anacheka) Sawa. Nilinunua kile king'amuzi kidogo, cha bei ya chini, chenye tundu la USB nyuma. Kinarekodi, ila ndani hakina diski, unachomeka ya kwako. Nikasema ya nini kununua diski na moja imelala kwenye droo? Nikachomeka. Kwenye skrini kikaja kijisanduku: diski inahitaji kuandaliwa, ndiyo au hapana? Kuandaliwa, dada! Mtu akikuambia anaandaa meza, utadhani anavunja sahani?

SALMA: Ukabonyeza ndiyo.

TITO: Nikabonyeza ndiyo. Sekunde kumi haikufika.

SALMA: Na humo mlikuwa na nini?

TITO: Picha. Za miaka minne. Shemeji yako alizihamishia humo alipobadilisha simu.

SALMA: Sasa wasikilizaji, hapo matumaini yalikuwa bado yapo. Huko "kuandaa" ndiko kufomati, na kufomati kwa haraka namna ile mara nyingi hakufuti picha zenyewe, kunang'oa ule ukurasa wa yaliyomo tu, unaosema kila kitu kiko wapi. Ungeichomoa palepale ukampelekea fundi, nyingi zingerudi. Wewe ulifanya nini?

TITO: Nilirekodi mpira.

SALMA: Juu ya picha.

TITO: Mechi mbili. Na marudio ya moja, kwa sababu mtangazaji wa kwanza sikumpenda.

SALMA: (kimya) Mjomba wangu amefufuka.

TITO: Yupi?

SALMA: Wa kanda ya harusi. Sijawahi kukusimulia? Enzi za deki ya video, nyumbani tulikuwa na kanda ya harusi ya wazazi. Mama aliandika ubavuni kwa wino mwekundu, herufi kubwa: USIFUTE. Tena akavunja kile kidude cha plastiki cha ukingoni. Kikishavunjika deki inakataa kurekodi, inaitema kanda.

TITO: Ndiyo, nakikumbuka. Kinabaki kitundu.

SALMA: Kitundu hicho. Mjomba akakiziba kwa selotepu, maana ukikiziba deki inadanganyika. Akarekodi mieleka.

TITO: Juu ya harusi!

SALMA: Kanda ilikuwa ya dakika 180, mieleka ikachukua karibu zote. Mpaka leo ukiiweka, unaona majitu mawili yamekabana shingo, halafu chenga, halafu ghafla bibi yangu anapunga mkono mlangoni. Dakika saba zimebaki mwishoni. Bibi, watu wanapanda gari, basi.

TITO: Mjomba alisemaje?

SALMA: Alisema, "Si kulikuwa na selotepu?" Kama vile selotepu ndiyo iliyomruhusu.

TITO: Namwelewa. Selotepu na "kuandaa" ni ndugu.

SALMA: Usijipe ukoo. Yeye alisoma USIFUTE akaivuka. Wewe hukusoma chochote.

TITO: Yangu haikuandikwa! Ingeandikwa USIFUTE ningeacha.

SALMA: Haya, tuingie kwenye mada, maana hapa ndipo tunapogombana kila siku. Mimi nasema mwenye hela kidogo anunue kinasa kamili, chenye diski ndani, hata kama kimetumika. Chenye tyuna mbili, yaani vile vipokezi vya ndani vinavyokamata chaneli. Kwa nini? Tyuna moja ukirekodi chaneli hii, unabaki hapohapo au unahamia zile chache zinazopita kwenye masafa yaleyale. Basi. Nyumba ina watu watano, mmoja anarekodi tamthilia, wanne wamefungwa pingu.

TITO: Na mimi nasema mashine iliyotumika, diski yake imezunguka miaka. Unanunua uchovu wa mtu mwingine. Chukua king'amuzi kipya cha bei ndogo, weka diski yako, ikijaa unaweka nyingine.

SALMA: Unaweka ya picha za shemeji.

TITO: Dada!

SALMA: Sawa, sawa. Lakini sema na tatizo la umeme. Tundu la USB la kawaida, lile la 2.0, kwa kanuni linatoa miliampea 500. Diski ya kuzunguka ikianza inataka zaidi. Ndiyo unasikia inalia tik-tik-tik, king'amuzi kinajizima na kujiwasha katikati ya kipindi.

TITO: Unatafuta diski yenye waya wake wa umeme. Na ukubwa usikutishe. Saa moja ya HD inakula kama jigabaiti 2 hadi 4, kutegemea chaneli. Jigabaiti 500 ni saa 125 kwenda juu. Nani ana saa 125 za kukaa kwenye kochi?

SALMA: Hapo umenifikisha ninapotaka. Hakuna. Ndiyo maana kinasa ni cha kuangalia na kufuta. Unarekodi taarifa ya habari, unaiangalia ukitoka kazini, unafuta. Si kabati la urithi.

TITO: Hapana. Hapana kabisa. Mimi kitu nikikirekodi ni changu. Mwanangu akicheza ngoma kwenye kipindi cha watoto, unataka niangalie nifute?

SALMA: Mashine nyingi zinafunga rekodi kwa ufunguo wake zenyewe. Ukiichomoa diski ukaipeleka kwenye kompyuta, haisomeki. Mashine ikifa, rekodi zimekufa nayo. Unahifadhi nini?

TITO: Nyingi, si zote! Vile vya bei ndogo, kwa chaneli za bure, vingi vinaandika faili la kawaida, unalifungua popote. Ndiyo sababu naviteteta.

SALMA: Unavitetea.

TITO: Naviteteta na navitetea. Mtu aende dukani na flashi, flashi tupu jamani, aombe arekodi dakika tano, aende akajaribu kwenye kompyuta kabla hajalipa. Ikifunguka, anunue. Isipofunguka, amwachie muuzaji.

SALMA: Hilo la flashi nakupa. Lakini anayeanza kufikiria kuhifadhi anaishia kununua diski juu ya diski, na tulisema bajeti ndogo. Fedha iende kwenye tyuna ya pili.

TITO: Wewe mwenyewe una dakika saba za bibi.

SALMA: Hiyo ni kanda.

TITO: Ni rekodi, Salma. Umeitunza miaka yote hiyo, deki yenyewe sijui unaitoa wapi.

SALMA: Ile ilipigwa na kamera, ni yetu. Kipindi cha televisheni ni cha mwenye chaneli, mimi nakiazima jioni moja.

TITO: Na mieleka iliyomo? Mbona hukuifuta?

SALMA: Ningeifutaje bila kugusa... Tito, hiyo si hoja.

TITO: Nimeuliza tu.

SALMA: Sikubali. Cha kuangalia na kufuta.

TITO: Sikubali. Cha kuhifadhi.

SALMA: Tumebakiwa na dakika ngapi? Mbili? Na nimesoma... sijasoma hata moja. Haya, haraka haraka: chaneli zenu zikirushwa kwa DVB-T2, ule mfumo wa dijitali wa antena uliofuata baada ya DVB-T, king'amuzi cha DVB-T peke yake hakizioni, hata kiwe kizuri namna gani. Soma ubavuni mwa boksi. La pili, mechi, ongeza dakika za ziada mwishoni mwa kurekodi, maana nyongeza ya nusu saa ikija na penalti, mashine haijui—

TITO: Hilo la penalti nina kisa.

SALMA: Huna muda wa kisa. La tatu, kelele za feni ukiiweka chumba cha kulala... yaliyobaki yamekufa, tutaona wiki ijayo.

TITO: Karatasi nipe mimi niitunze.

SALMA: Wewe? Na shemeji ameanza kuongea?

TITO: Jana ameniuliza chumvi iko wapi.

SALMA: Ulimjibu?

TITO: Nilimpelekea mpaka mkononi. Kisha nikaona ile diski iko juu ya meza. Ameiandika kwa wino mwekundu.