Neno Hukaa kwa Kuitwa

Mhadhara kwa walimu wa lugha, Dodoma mjini

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana.

Kabla sijaanza nataka niwape maneno matatu ya Kimaasai. Wanaoijua lugha hiyo nawaomba wanyamaze kidogo. Enkare ni maji. Enkiteng ni ng'ombe. Enkima ni moto. Semeni pamoja nami, mara mbili. Vizuri. Msiandike popote, kalamu ziacheni chini. Tutayarudia.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha katika jarida la Science utafiti ambao natamani kila mwalimu wa mkoa huu ausikie. Walihitaji maneno ya lugha ambayo wanafunzi wao wa chuo kikuu hawaijui hata kidogo, wakatumia Kiswahili. Jozi 40 za maneno, neno la Kiswahili huku na maana yake kwa Kiingereza kule. Mojawapo lilikuwa mashua.

Mashua! Mtoto wa Kongwa, huku bara mbali na bahari, naye analisoma neno hilo kitabuni wala hajawahi kukiona chombo chenyewe. Anajifunza mashua karibu sawa na yule kijana wa Marekani, kwa macho na kwa sauti ya mwalimu. Kwa hiyo utafiti ule, ingawa umefanyika mbali, unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Walifanya hivi. Wanafunzi walisoma orodha, wakaulizwa, wakaisoma tena, wakaulizwa tena. Yaliwekwa makundi manne, na tofauti yao ilikuwa katika lile neno ambalo mwanafunzi ameshalipata mara moja. Kundi la kwanza liliendelea kulisoma na kuulizwa. La pili halikulisoma tena, ila liliendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma, lakini halikuulizwa tena. La nne liliachana nalo kabisa. Baada ya wiki moja wakaitwa wote.

Makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka asilimia 80 hivi ya maneno. Kundi lililosoma na kusoma bila kuulizwa lilikumbuka asilimia 36. Lililoachana nayo kabisa, asilimia 33. Pimeni wenyewe: jasho lote lile la kurudia kusoma lilizidi kutofanya chochote kwa asilimia tatu tu.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo mimi linaniuma. Kabla hawajaondoka siku ile ya kwanza, wanafunzi waliulizwa watakumbuka maneno mangapi wiki ijayo. Makundi yote manne yalikadiria karibu nusu ya orodha. Aliyejifunza vizuri na aliyejifunza vibaya walikuwa na hisia ileile. Mwanafunzi hawezi kujijua kwa kujisikia, ndugu zangu. Anaposema ameelewa hadanganyi, hana tu njia ya kuona ndani.

Sasa ingieni nami darasa la kidato cha kwanza, madawati yamebanana. Mwalimu amejaza ubao msamiati wa Kiingereza, maneno 20, kila moja na maana yake. Watoto wananakili. Daftari ni safi, limepigwa mistari kwa rula nyekundu. "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" Kesho yanakuja maneno mengine 20. Nilifundisha hivyo miaka mingi, na niliyapenda yale madaftari. Watoto wangu walikuwa katika lile kundi la tatu.

Mtaniambia, mbona sisi tunauliza? Darasa zima linaitikia kwa sauti moja! Kuitikia pamoja si kuliita neno. Kwenye kiitikio, watano wanaojua wanatangulia nusu pumzi na wengine wote wanawafuata. Kukariri kwa kuimba kunazoeza mdomo, na hilo lina faida yake katika matamshi, sikatai. Lakini neno linakaa pale mtoto anapobaki peke yake na kimya, anatafuta kichwani, analivuta. Ule upekuzi wenyewe ndio somo. Hata akilikosa kisha akaambiwa papo hapo, ameshafungua njia.

Kwa Kimaasai maji ni nini? Kila mtu kichwani mwake kwanza, asijibu mtu. Haya, semeni. Asanteni. Na ng'ombe? Sauti zimepungua, lakini zilizotoka zimetoka vichwani mwenu. Tuendelee.

Kazi hii haihitaji fedha. Daftari linakunjwa ukurasa katikati, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, mkono unafunika upande mmoja. Maboksi ya dukani yanakatwa vipande, neno mbele, maana nyuma. Dakika tano za mwanzo wa kipindi, kila mmoja anaandika maneno ya jana bila kufungua daftari, halafu anajisahihisha mwenyewe. Usiwape alama. Ukiwapa alama umeleta woga, na mtoto mwenye woga ataibia kwa jirani badala ya kupekua kichwani. Kisha yaulizwe baada ya siku tatu, na wiki inayofuata, katikati ya maneno mapya. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kumbukumbu na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alishaonyesha kwamba kusahau kunakimbia mno mwanzoni na kupunguza mwendo baadaye. Neno la Jumatatu likingoja mtihani wa mwisho wa muhula, linakuta nyumba imeshahamwa.

Hapo ni njia ya kufundisha. Lakini anayefundishwa ni nani?

Hapa katikati ya nchi tumejaliwa jambo lisilo la kawaida. Ukichukua Kondoa na Chemba tu, utawakuta Warangi wenye lugha ya Kibantu, Waburunge na Waalagwa wenye lugha za Kikushi, na Wasandawe wenye lugha ya vidoko, zile sauti za kudokoa ulimi. Ongeza wafugaji wa Kibarbaig na wa Kimaasai wenye lugha za Kiniloti. Mtoto wa huku anapofika kidato cha kwanza, Kiingereza mara nyingi ni lugha yake ya tatu. Halafu tunasema hana maneno.

Mimi nilivalishwa kibao shingoni. Sitaitaja shule. Nilisema neno moja la nyumbani mbele ya kiranja, nikakivaa kibao hadi nilipomnasa mwenzangu akisema lake, nikamvisha yeye. Nilichojifunza siku ile ni kunyamaza. Na mtoto aliyenyamaza huwezi kumuuliza neno akalivuta, kwa lugha yoyote.

Barbara Pearson na wenzake, mwaka 1993, walihesabu maneno ya watoto wadogo wa Miami wanaolelewa kwa Kihispania na Kiingereza. Ukihesabu lugha moja peke yake, mtoto anaweza kuonekana yuko nyuma. Ukizichukua zote mbili pamoja, analingana na wenzake wa lugha moja. Nikiusoma utafiti huo nawaona watoto wetu. Maneno ya kilimo, ya mifugo, ya ukoo yako kwa Kigogo. Ya sokoni na redioni yako kwa Kiswahili. Mwalimu anayepima kwa Kiingereza tu amefungua mtungi mmoja kati ya mitatu na kutangaza kwamba nyumba haina maji.

Tena lugha hizo zinasaidiana kwa njia ambayo hatukuitarajia. Mwaka 1998 Sarah Williams na Björn Hammarberg walichapisha uchunguzi wa Williams mwenyewe. Lugha yake ya kwanza ni Kiingereza, alikijua sana Kijerumani, akawa anajifunza Kiswidi huko Sweden. Alipokwama katika Kiswidi, lugha iliyojipenyeza kuziba pengo ilikuwa Kijerumani, lugha aliyojifunza baadaye, wala si ya mama yake.

Niliposoma hilo nilikumbuka madaftari. Mwanafunzi wangu Mgogo anaandika borrow me your pen. Kwa miaka niliambiwa hayo ni "makosa ya Kigogo". Si kweli. Ni Kiswahili kile: niazime kalamu yako. Azima yetu inambeba anayetoa na anayepokea, Kiingereza kina neno kwa kila mmoja: lend kwa anayetoa, borrow kwa anayepokea. Vilevile mtoto anayesema anasikia harufu akaiandika kwa hear badala ya smell. Sikia yetu ni pana, inaingia masikioni, puani, hata tumboni kwenye njaa. Kosa la namna hiyo halifutiki kwa kalamu nyekundu. Linafutika kwa kuyaweka maneno mawili kando kwa kando ubaoni na kulisema waziwazi, kwa Kiswahili, dakika mbili. Nawaomba msione aibu kufanya hivyo.

Niseme kidogo kuhusu wingi wa maneno. Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma maandishi ya kawaida ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Namba inatisha. Lakini ni familia. Soma, someka, somesha, msomi, msomaji, masomo: mama mmoja na watoto wake. Mtoto wa lugha ya Kibantu ameizoea kazi ya kuzalisha neno kutoka neno tangu mgongoni kwa mama yake. Na Averil Coxhead, mwaka 2000, aliorodhesha familia 570 tu zinazochukua takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma. Maneno 570 kwa miaka minne ya sekondari, ni kama matatu au manne kwa wiki ya masomo. Hayo darasa lolote linayaweza, mradi yanaulizwa.

Muda wangu umekwisha. Kalamu bado ziko chini? Maji. Vizuri sana, hata nyuma kule. Ng'ombe. Wengi zaidi kuliko mara ile.

Moto?

Naona mnatazamana. Hilo sikuwauliza pale katikati ya mhadhara.