Unaishi Wapi, Unafanya Kazi Gani?

HAMADI: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi Hamadi, niko Dar.

ZUHURA: Na mimi Zuhura, niko Unguja. Umeme upo, tuwahi kabla haujaondoka.

HAMADI: Dada, tulisema leo tunaongea uhuru wa watumwa wa Zanzibar, ila nianze na la nyumbani. Juzi mpwa wangu katoka kuangalia mpira, saa sita usiku, kakutana na doria. Hakuiba, hakupigana na mtu. Kaulizwa mawili: unaishi wapi, unafanya kazi gani? Kazi hana, kamaliza chuo mwaka jana. Kapandishwa karandinga. Kosa lake, uzururaji.

ZUHURA: Pole, kaka. Sasa nikwambie, maswali hayo mawili mimi nayajua. Yana zaidi ya miaka mia.

HAMADI: Kivipi?

ZUHURA: Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza. Soko tu lakini. Watumwa wenyewe walibaki mashambani. Wakangoja mpaka tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud alipotoa amri yake. Na ile amri haikusema "nyote mko huru". Ilisema mahakama haitatambua tena madai ya mtu kummiliki mtu. Kwa hiyo anayeutaka uhuru aende mwenyewe, akauombe.

HAMADI: Auombe!

ZUHURA: Ndiyo. Hebu mfikirie mama wa shamba la karafuu, kaniki yake imepauka, anafunga safari mpaka kwa hakimu. Akishaandikiwa uhuru wake, anatakiwa aoneshe ana makazi ya kueleweka na njia ya kujikimu. Na nyumba anayolala ni ya bwana, hata muhogo anaokula umepandwa kwenye ardhi ya bwana. Asipoonesha, anahesabiwa mzururaji.

HAMADI: Aaah. Kumbe.

ZUHURA: Bwana naye, akithibitisha alimmiliki kihalali, analipwa fidia. Mama halipwi hata pesa moja. Ndiyo maana wengi walibaki palepale shambani.

HAMADI: Lakini dada, tuwe wa haki. Si ilikuwa hatua?

ZUHURA: Hatua, sikatai. Watu waliitumia. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, nguo za utumwa, walianza kununua kanga, na ukimwona mtu amejifunga kanga mpya umeshajua anakwambia nini: mimi si mtumwa tena. Mimi ugomvi wangu ni masuria.

HAMADI: Waeleze vijana, suria ni nani.

ZUHURA: Mwanamke mtumwa anayewekwa na bwana kama mke, bila ndoa. Amri ya 1897 ikawahesabu hao kana kwamba ni wake wa nyumba. Kutoka, mpaka alalamike ameteswa. Mwanamume wa shamba anaweza kuomba uhuru wake. Huyu wa ndani, anayejua siri zote za nyumba ile, akaachwa nje ya sheria mpaka 1909. Miaka 12, kaka! Mtoto wa kike aliyezaliwa siku ya amri alikuwa ameshavunja ungo, au karibu.

HAMADI: Na kile kipengele cha uzururaji, kiliishia wapi?

ZUHURA: Wewe si umeniambia kilimpandisha mpwa wako karandinga? Wakoloni walikuwa na sheria kama hizo huku na huku barani, na nchi nyingi zimezirithi. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

HAMADI: Maoni, siyo hukumu.

ZUHURA: Maoni ya ushauri. Nchi zikitaka zisikilize. Mpwa wako alitokaje?

HAMADI: Alfajiri. Mama yake alikwenda na kitambulisho, na barua ya mjumbe wa mtaa kwamba mtoto anakaa kwa mama.

ZUHURA: Makazi na njia ya kujikimu.

HAMADI: Eeh. Kazi ameandikiwa "anamsaidia mama dukani". Duka lenyewe ni meza ya vitumbua.