Umeme wa Amplifaya ya Valvu: Nunua kwa Volti za Usiku wa Manane

Wapiga gitaa, na mafundi wenzangu wa redio mliotoka Kirumba, Igoma na kona nyingine za Mwanza, na hata mliovuka na kivuko cha Kamanga, karibuni sana. Wengi mliomba nizungumzie valvu zipi zina sauti tamu. Valvu zitapata siku yake. Leo tukae upande wa umeme, maana huko ndiko fedha zinakopotea, na huko ndiko mtu anakoweza kupoteza maisha.

Tuchukue amplifaya ya kawaida: valvu mbili za 6V6 za kusukuma spika, na tatu za 12AX7 zinazotangulia. Transfoma yake iwe ya volti 275-0-275, yaani pande mbili za volti 275 kila moja, sifuri ikiwa katikati. Najua mafundi mmeshapiga hesabu: 275 mara 1.414 kupata kilele cha wimbi la umeme, jibu 389. Basi mtu anakwenda dukani, ananunua kapasita za volti 450, anarudi nyumbani roho kwatu.

Hesabu hiyo inafaa pale transfoma ikiwa na mzigo wake na soketi ikitoa volti 230 kamili. Lakini ukiwasha amplifaya yenye daiodi, vile vipande vidogo vinavyogeuza umeme uende upande mmoja tu, volti za juu zinapanda papo hapo, na valvu bado ni za baridi, hazivuti kitu. Transfoma isiyo na mzigo inaweza kupanda kwa asilimia 10 hivi. 389 inakuwa 428. Hapo hatujagusa umeme wa mtaani. Saa mbili usiku kila nyumba imewasha vitu vyake na volti zimeshuka. Usiku wa manane watu wamelala, volti zinapanda. Soketi ikifika 250, ile 428 inakuwa 465, na kapasita yako imeandikwa 450. Ndiyo maana nawasihi: kabla ya kununua chochote, pima soketi ya pale utakapopigia, asubuhi, jioni na usiku sana, kisha nunua kwa ile namba kubwa kabisa.

Dawa yake si ghali. Chukua kapasita mbili za maikrofaradi 100, volti 350 kila moja, uziunge mfululizo. Unapata maikrofaradi 50 zinazohimili volti 700. Kila moja uivalishe rezista ya kilo-omu 220, ya wati 2, ili zigawane volti sawasawa. Rezista hizo hizo zinafanya na kazi nyingine: ukizima, zinamwaga chaji yote ndani ya dakika mbili hivi. Kapasita ni kama tanki la maji juu ya paa, bomba la mtaa likikatika lenyewe bado limejaa. Kwa hiyo hata zikipita dakika hizo mbili, usiingize mkono. Weka mita kwanza, mkono mmoja ukiwa mfukoni, usome hadi ishuke chini ya volti 10. Rezista nazo hukatika, na ikikatika hakuna kitu kitakachokuambia isipokuwa mita.

Kapasita za kung'oa kwenye redio kuukuu msizitumie. Transfoma kuukuu, sawa, ukiipima insulesheni. Kapasita kuukuu, hapana.

Daiodi au valvu ya kugeuza umeme? Hapa mpiga gitaa ana haki ya kuchagua kwa sikio. Valvu za kazi hiyo ni kama 5Y3 na GZ34. 5Y3 inapoteza volti 50 hivi ikibebeshwa mzigo wake, kwa hiyo ukikwaruza nyuzi kwa nguvu sauti inanywea kidogo halafu inarudi. Wapiga solo wanaipenda hiyo. GZ34 inapoteza chache zaidi, na kwa kuwa inapata moto polepole, haizirushii kapasita volti valvu nyingine zikiwa baridi. Mimi kwa Mwanza naipendelea GZ34 kwa sababu hiyo tu. Ila kapasita ya kwanza, ile inayopokea umeme kutoka kwenye GZ34, isizidi maikrofaradi 60. Hizi 50 zetu zinakaa vizuri. Ukitumia daiodi, 1N4007 weka mbili mfululizo kila upande, kwa kuwa kila upande unakumbana na volti karibu 780 za kinyume, na usiku zinapita 900.

Fedha nyingi ziende kwenye transfoma. Filamenti, yaani nyaya za kupasha moto valvu, kwa valvu zetu tano zinakula ampea 1.8 kwa volti 6.3; agiza ya ampea 3. Waya wa volti za juu uwe wa miliampea 150. GZ34 inataka waya wake peke yake, volti 5, ampea 2. Mkiletewa transfoma kutoka Marekani, someni kibandiko: iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee, kwenye hezi 50 zetu chuma chake kinashiba na inachemka, hata kama umeshusha volti hadi 120 inavyotaka. Fundi wa kusuka mota anaweza kuisuka hapa hapa, mradi umpe namba hizi kwenye karatasi na umwambie aizamishe kwenye vanishi vizuri, maana unyevu wa ziwa unakula waya.

Kuna dada ameuliza kuhusu mvumo. Sikiliza noti yake. Wa hezi 100 unatoka kwenye uchujaji: ongeza choki, yaani koili ya kulainisha umeme, au kapasita imechoka. Wa hezi 50 unatoka kwenye waya za filamenti au erthi. Zisokote waya hizo, na katikati ya ile volti 6.3 peleka erthi kwa rezista mbili za omu 100.

Fyuzi iwe ya kuchelewa kukatika, ikae kwenye waya wa moto kabla ya swichi. Erthi ifungwe kwenye kasha la chuma kwa boliti yake yenyewe, isiyoshika kitu kingine. Sasa sogeeni mezani. Transfoma ipo, mita zipo. Tuanze na soketi ya ukumbi huu.